Jinsi ya kutambua asili ya kisu cha kale cha Afrika Kaskazini

Watu wanaonitumia picha za visu vya kale huwa na swali moja: hiki ni cha wapi? Mara nyingi picha hizo zinakuja na jibu ambalo muuzaji ameshaliandika: "jambia la Kiarabu", "kisu cha Kituruki", "upanga wa Zanzibar". Majina hayo matatu ndiyo yanayopotosha kuliko yote. Vingi kati ya visu vinavyobandikwa majina hayo vilitengenezwa Moroko, au milimani Aljeria, au na wafua vyuma wa Sahara, na fundi aliyevitengeneza anastahili kutajwa kwa nchi yake.

Mwongozo huu ni utaratibu ninaoufuata mwenyewe kisu kikifika mezani. Jambo moja liweke akilini tangu mwanzo: bapa, yaani chuma chenyewe chenye makali, tunaliacha mwisho. Wengi huanza nalo kwa sababu ndilo linalong'aa na ndilo lenye alama. Lakini bapa husafiri. Liliweza kufuliwa Solingen huko Ujerumani, likauzwa bandarini, likakatwa upya na fundi wa milima ya Atlas, likabadilishwa mpini mara mbili kabla halijafika mnadani. Mpini na ala ndivyo vilivyotengenezwa pale kisu kilipovaliwa, kwa mkono wa fundi wa pale na kwa macho ya wateja wa pale. Anza na hivyo.

Hatua ya 1: Usisafishe

Najua mkono unawasha. Usiguse dawa ya kung'arishia shaba, usitumie msasa, usichovye kitu kwenye ndimu. Weusi uliokaa ndani ya nakshi ni ushahidi wa umri, na kuna nakshi za fedha ambazo weusi wake uliwekwa na sonara kwa makusudi. Ukiusugua umeharibu kazi yake.

Vifaa ni vichache: kioo cha kukuza (mara kumi inatosha), tochi yenye mwanga mkali, sumaku ndogo, rula, mizani ya jikoni na simu ya kupigia picha. Piga picha pande zote mbili za ala, mpini kwa juu na kwa upande, mdomo wa ala, na mgongo wa bapa. Tochi iweke pembeni, mwanga ulale juu ya chuma. Hapo ndipo mikwaruzo, mihuri iliyofutika na mistari ya tupa hujitokeza.

Unapochomoa, ishike ala kwa mgongo wake, vidole visiizunguke. Ala nyingi za kale zimeachia pale kwenye maungio, na bapa hupenya likakata mkono. Kikikataa kutoka, usivute kwa nguvu. Kama ala ni ya chuma, tia tone la mafuta mepesi mdomoni, ukiache hadi kesho. Ala ya ngozi au mbao usiitie mafuta hata kidogo. Yatabaki humo milele.

Hatua ya 2: Kilivaliwa vipi?

Hili ndilo swali linalozaa matunda mengi kuliko yote, na halihitaji utaalamu. Tafuta pete, vitanzi na mikanda.

Ukiona ala iliyopinda yenye pete mbili, moja kila ubavu, karibu na mdomo, zikiwa zimeshikwa na vipande vilivyochomoza kama masikio, uko Moroko. Hiyo ni kumiya, ambayo wauzaji wa Ulaya huandika koummya au koumiya. Kamba nene ya sufu au hariri, mara nyingi nyekundu, ilipita kwenye pete zote mbili, ikapanda juu ya bega la kulia, na kisu kikaning'inia upande wa kushoto wa mwili. Pete zinapokuwa ubavuni namna hiyo ni kwa sababu kisu kinabebwa na bega.

Sisi wa pwani tumezoea jambia la Kiyemeni na hanjari ya Kiomani, kwa hiyo tukiona kisu kilichopinda tunakimbilia Arabuni. Ukiviweka karibu utaona tofauti mara moja. Hanjari ya Kiomani hufungwa kwenye mshipi na kukaa katikati ya tumbo. Ala yake imekunjwa karibu pembe mraba, na pete zake za fedha, nne au saba, zimepangwa kwenye sehemu ya juu ya ala. Jambia la Kiyemeni nalo hukaa mbele mshipini, na bapa lake lina makali kuwili tangu mpinini mpaka nchani, na uti umepita katikati. Kumiya ni kitu kingine kabisa: nusu ya juu ya bapa imenyooka na ina makali upande mmoja tu, kisha linapoanza kupinda ndipo makali yanakuwa kuwili.

Kuna jambo la kumiya linalowachanganya wanunuzi wapya. Ala yake imepinda kuliko bapa, na ncha ya ala imeinuka juu sana. Ukipima utakuta bapa linaishia mbali kabla ya mwisho wa ala. Mtu huhitimisha kwamba ala na kisu ni vya watu wawili tofauti. Sivyo. Ndivyo zilivyotengenezwa, ule mwisho ulioinuka ni mtupu, ni urembo.

Tukishuka Sahara, mkanda unahamia mkononi. Watuareg wana teleki, kisu kilichonyooka chenye makali kuwili, na ala yake ina bangili ya ngozi. Huvaliwa upande wa ndani wa mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, mpini ukielekea kiganjani, ili mkono wa kulia uufikie haraka. Mashariki zaidi, Sudan, kisu cha mkono huvaliwa juu ya kiwiko, na kitanzi chake ni ngozi iliyosokotwa. Kwa hiyo ukikuta kisu chenye kitanzi cha ngozi, pima upana wa kitanzi kabla hujafikiria jambo lingine: bangili ya kifundo cha mkono ni ndogo kuliko ile ya msuli wa juu, na ala yenyewe hukuonyesha mpini ulitazama wapi.

Visu vya miji iliyokuwa chini ya Waturuki, yaani Algiers, Tunis na Tripoli, mara nyingi vilichomekwa tu kwenye mshipi mpana wa kitambaa. Ala yake ni nyembamba, laini, pengine bila pete hata moja. Ukiona hivyo, fikiria bandari na Bahari ya Kati, usifikirie milima ya Atlas.

Hatua ya 3: Soma mpini

Mpini wa kumiya una kiuno chembamba na kichwa kipana, kilichotandazwa, cha umbo la nusu duara. Utakuta wa mbao, wa pembe ya ng'ombe au wa mfupa, na kichwa kimefunikwa bamba la fedha au shaba. Noleo, yaani ule mkanda wa chuma pale bapa linapoingia mpinini, huwa na nakshi inayofanana na ile ya mdomo wa ala. Hapo ndipo pa kuangalia kama mpini na ala vilizaliwa pamoja. Weka mdomo wa ala na noleo karibu, ulinganishe kina cha mistari na upana wa majani yaliyochorwa. Sonara mmoja ana mwandiko wake, na mwandiko huo haubadiliki ndani ya kitu kimoja.

Kabylia, milima iliyo mashariki ya Algiers, inatupa flisa, au flyssa kwa wauzaji. Jina limetokana na kabila la Iflissen Lebhar la ufukweni karibu na Tigzirt. Mpini wa flisa hauna kikingio cha mkono. Ni mbao iliyovishwa bamba la shaba, na kichwa chake kimechongwa kama kichwa cha mnyama kinachotazama pembeni. Flisa ziko za urefu wa kisu cha jikoni na ziko za urefu wa upanga, zikipita sentimita 90, lakini umbo ni lile lile. Ndiyo maana hata kipande kidogo cha sentimita 30 chenye mpini huo hakina haja ya kubishaniwa.

Mpini wa teleki ni msalaba: kikono kifupi kimekatiza juu ya shina, umevishwa ngozi iliyotiwa alama za kugandamizwa, au bamba la shaba, au vyote viwili. Wafua vyuma wa Kituareg, wanaoitwa inadani, ndio wanaofua bapa na kutengeneza mpini, na wanawake wa familia zao ndio wanaoshughulika na ngozi. Ngozi ya kijani kibichi pamoja na nyekundu kwenye ala ni dalili nzuri sana ya mikono hiyo.

Mpini unaofanana na X, wa mpingo au mbao nyingine nyeusi, kwenye kisu chenye bapa lililopinda, unakupeleka kwa Wabeja wa Sudan mashariki, kati ya mto Nile na Bahari ya Sham. Wauzaji huuita "wa Kihabeshi" ovyo ovyo. Na masikio mawili yaliyopanuka kichwani mwa mpini usio na kikingio, juu ya bapa linalopinda kwenda mbele, ni yatagani ya Kituruki. Ikiwa imejazwa vipande vya marijani nyekundu, basi Algiers ndipo pa kutazamwa kwanza. Pwani za Aljeria na Tunisia zilikuwa na uvuvi mkubwa wa marijani, na mafundi wa mji walizitumia kwa wingi kwenye silaha za wakubwa.

Sasa niseme kuhusu mpini wa umbo la H, kwa sababu unatuhusu. Kuna kisu kirefu kilichonyooka ambacho mpini wake ni herufi H iliyolala: kipande kimoja kimekatiza karibu na bapa, kingine kimekatiza kichwani, na shina fupi limeviunganisha. Hicho ni sbula, cha Moroko. Lakini tangu karne ya 19 vitabu vya Ulaya vya silaha vilikichora na kukiita upanga wa Zanzibar. Kitabu kimoja kikanakili kingine, makumbusho yakaandika kadi kwa kufuata vitabu, na minada ikafuata makumbusho. Baadaye wataalamu waliofanya kazi Moroko kwenyewe walikikuta kikivaliwa na watu wa kule, kosa likasahihishwa, lakini kadi za zamani hazikubadilishwa zote. Hadi leo Mswahili aliyeko Hamburg au Toronto anaweza kulipa bei ya urithi wa kwao kwa kitu ambacho babu yake hakuwahi kukiona. Ukiona H na neno "Zanzibar" kwenye karatasi moja, iamini H.

Mkanganyiko huu usikufanye ukatae kila uhusiano. Ule mpini wa upanga wa nimcha, wenye vikono vinavyochongoka kuelekea kwenye bapa na kichwa kilichokunjwa kwa mbele, ulipendwa Moroko na Aljeria, na aina yake ilivaliwa pia Oman na Zanzibar. Hapo umbo pekee halitoshi. Itabidi utegemee nakshi, pete ya kikingio na namna bapa lilivyofungwa.

Hatua ya 4: Ala na kazi ya sonara

Geuza ala. Upande wa mbele ndio ulioonekana na watu, upande wa nyuma uligusa nguo. Kwenye kumiya nyingi nzuri mbele ni fedha na nyuma ni shaba, au nyuma nakshi ni nyepesi kuliko mbele. Hilo ni la kawaida, wala halimaanishi kwamba ala imekarabatiwa.

Fedha yenye michoro iliyojazwa weusi mzito inakuelekeza kusini mwa Moroko, bonde la Sus na milima ya Anti-Atlas, hasa mji wa Tiznit uliosifika kwa masonara. Rangi za kioo zilizoyeyushwa juu ya fedha, njano na kijani ndani ya nyaya nyembamba, nazo ni za huko huko. Hapa angalia vizuri, maana Kabylia nako kuna kazi ya rangi za kioo, ile ya vijiji vya Ath Yenni: bluu, kijani na njano, pamoja na marijani nyekundu. Ukiona bluu nzito na marijani kwenye kipande kimoja, elekea Aljeria. Ukiona njano na kijani bila marijani, elekea Moroko.

Masonara wengi wa kusini mwa Moroko walikuwa Wayahudi. Kuanzia mwaka 1948 walihama kwa makundi kwenda Israel na Ufaransa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 maduka yao mengi yalikuwa yamefungwa au kuchukuliwa na wanafunzi wao Waislamu. Kazi haikufa, lakini mkono ulibadilika. Ukishika kumiya kadhaa za vipindi hivyo viwili utaanza kuihisi tofauti kwenye kina cha mchoro.

Ala ya flisa ni mbao mbili zilizochongwa na kubanwa pamoja kwa mikanda ya shaba au chuma. Uso wake umejaa pembe tatu, misumeno na almasi zilizochongwa kwa ncha ya kisu. Nakshi hiyo hiyo utaikuta kwenye masanduku na milango ya Kabylia.

Kuhusu madini, sumaku itakuambia tu kama kuna chuma chini ya mchovyo. Haitakutenganishia fedha na ile shaba nyeupe iliyochanganywa nikeli, kwa sababu zote mbili hazivutwi. Tazama kingo zilizolika: shaba nyeupe huonyesha umanjano hafifu, fedha hubaki nyeupe na weusi wake una joto la kahawia. Mpelekee sonara akupimie kwenye jiwe kama bado una shaka. Na utafute mihuri. Kichwa kidogo sana cha kondoo dume ni muhuri wa fedha wa Moroko kutoka enzi Wafaransa walipoitawala nchi hiyo kama himaya, 1912 hadi 1956. Muhuri unaweza kupigwa kwenye kitu kilichokwisha kutengenezwa zamani, hivyo unakuambia fedha ilikaguliwa lini, haukuambii kisu kilitengenezwa lini.

Hatua ya 5: Sasa bapa

Kwa wakati huu umeshapata nchi. Bapa linakuja kuthibitisha, kukanusha, na zaidi ya yote kukupa tarehe.

Flisa ina bapa la pekee: mgongo umenyooka, makali yanaingia ndani kidogo karibu na mpini, yanatoka tumbo, kisha yanachongoka kuwa ncha nyembamba kama sindano. Juu ya uso wake kuna mistari na pembe tatu zilizochimbwa na kutiwa njumu ya shaba. Pitisha ukucha polepole juu ya njumu hiyo. Kwenye kazi ya kweli shaba imekaa ndani ya chuma na ukucha unapita bila kukwama, isipokuwa pale kipande kilipodondoka na kuacha kishimo. Kwenye nakala za karibuni ni rangi, au waya uliogandishwa juu.

Visu vya Bou Saâda, mji wa Aljeria ulio kwenye lango la jangwa, vimenyooka, vina makali upande mmoja na ncha kali, na hutengenezwa huko hadi leo. Kwa hiyo hapo umri ni suala la kutazama uchakavu zaidi kuliko umbo.

Panga na visu virefu vya Watuareg mara nyingi vina miezi miwili midogo iliyogongwa, kila mmoja umeupa mgongo mwenzake. Alama hiyo ilitoka kwenye mapanga ya Ulaya, na wafua vyuma wa Sahara waliinakili kwa karne kadhaa kwa sababu wanunuzi waliiamini. Mwezi uliopigwa kwa muhuri wa kiwandani una kingo sawasawa na kina kimoja. Mwezi uliochongwa kwa mkono una ncha moja nene kuliko nyingine. Yote miwili inaweza kuwa ya kale. Unachojifunza ni chuma kilitoka wapi.

Sbula ndiyo inayofurahisha kuliko zote kwenye hatua hii. Mafundi wa Moroko walipenda kutumia chuma cha panga na singe za Ulaya, yaani visu vinavyochomekwa mbele ya bunduki. Chukua mfano wa sbula yenye bapa jembamba ambalo ukilitazama kwa ncha ni herufi T: mgongo mpana, bapa jembamba likishuka kutoka hapo. Hiyo ni singe ya bunduki ya Gras ya Ufaransa, ya mwaka 1874. Egemeza mgongo kwenye mwanga wa tochi, utembeze kioo cha kukuza kutoka mpinini. Singe hizo zilichongwa maandishi ya mkato juu ya mgongo: jina la kiwanda cha silaha, kwa mfano St. Étienne, pamoja na mwezi na mwaka. Tupa ya fundi wa Moroko pengine imekula nusu ya herufi, lakini mara nyingi tarakimu mbili au tatu za mwaka zimesalia. Ukisoma 1877, basi unajua kwa hakika kwamba kisu hicho, jinsi kilivyo sasa, hakikuwapo kabla ya 1877. Muuzaji anayesema ni cha karne ya 18 umemjibu kwa kioo cha kukuza.

Kanuni hiyo itumie kila mahali. Tafuta sehemu changa kuliko zote ndani ya kisu, hiyo ndiyo inayoweka mpaka: kisu, jinsi kilivyo sasa, hakiwezi kuwa na umri kuupita wake. Skurubu, waya wa kiwandani, bati la kopo lenye maandishi kwa ndani, gundi ya plastiki: vyote vinahesabika. Lakini jiulize kama ni matengenezo ya baadaye. Kisu kilichotumika miaka 80 kimefungwa upya mara nyingi, na ukarabati wa kijijini uliofanywa na mwenye kisu ni sehemu ya maisha yake.

Usisahau msuka, ule mkia wa bapa unaoingia mpinini. Ukiuona umetokeza kichwani na kugongwa ukalala, au nafasi imejazwa utomvu mgumu wa kahawia, ni dalili njema.

Mabapa ya Sudan yaliyofunikwa maandishi ya Kiarabu yaliyochorwa kwa tindikali, uso mzima bila kuacha nafasi, yanahusishwa na dola ya Mahdi, 1885 hadi 1898. Yapo ya kweli mengi. Lakini baada ya vita vya Omdurman vya Septemba 1898, Waingereza walipoishinda dola hiyo, askari wao walitaka kumbukumbu, na soko likawapa. Ala za ngozi ya mamba ambazo hazina mkunjo wala jasho la mkono ni za wateja hao zaidi kuliko za wapiganaji.

Hatua ya 6: Kilivaliwa au kiliuzwa kwa wageni?

Kumiya zimetengenezwa kwa ajili ya watalii tangu enzi za Wafaransa, na bado zinatengenezwa. Si aibu kuwa nayo, ila isiuzwe kama ya mapigano. Bapa la utalii ni bati laini lisilowahi kunolewa. Ukilikunja kidogo halirudi. Shaba ya ala imegongwa kwa kalibu, mchoro unajirudia bila tofauti hata ya unywele. Mfupa umepakwa rangi ya chai ili uonekane mzee, na rangi imekusanyika sawasawa hata mahali ambapo mkono haufiki.

Uchakavu wa kweli una mahali pake. Tazama ndani ya pete za kumiya: kamba iliyoning'iniza kisu miaka mingi imekula upande wa juu wa pete, chini bado pana unene. Tazama upande wa nyuma wa ala, pale ulipogusana na kiuno: nakshi imelainika katikati na kubaki kali pembeni. Tazama mdomo wa ala upande wa makali: kuna mikato midogo ya kuchomoa na kurudisha. Hivyo vitatu vikikosekana kwenye kisu kinachodaiwa kuwa na miaka 150, mimi nasita.

Hapa ndipo maneno ya familia yanaposaidia. Wamarekani walitua Moroko Novemba 1942, na wapiganaji wa Kimoroko waliojulikana kama Goumier, ambao nembo yao ilikuwa kumiya, walipigana Italia mwaka 1944 bega kwa bega na Waingereza na Wamarekani. Kumiya nyingi zilizoko kwenye nyumba za Marekani na Uingereza zilibebwa na askari wa vita hivyo. Ukinunua kwenye nyumba kama hiyo, omba barua, picha, hata namba ya kikosi. Hizo zinakupa tarehe ambayo kisu kilikuwa tayari kipo.

Hatua ya 7: Kagua mpini kabla ya kusafirisha

Kabla hujakipeleka mpakani, hakikisha mpini si pembe ya ndovu wala ya kifaru. Mfupa una vitone au vijistari vidogo vyeusi, ni mishipa iliyokauka. Pembe ya ndovu, ukiitazama pale ilipokatwa kwa kukingama, ina mistari inayokatizana na kufanya almasi. Pembe ya kifaru ni nyuzi zilizobanwa. Kwenye mwanga wa tochi kingo nyembamba hupitisha rangi ya kaharabu.

Vifaru wote waliwekwa kwenye orodha ya marufuku ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1977, na ndovu wa Afrika mwaka 1989. Kuuza pembe za ndovu Kenya na Tanzania ni kosa la jinai, na ukale wa kisu si kinga. Ukishuku, kaulize mamlaka ya wanyamapori kabla hujakitia kwenye mzigo.

Hatua ya 8: Andika ulichokiona

Usiandike "kisu cha Kiarabu, karne ya 18". Andika kila sehemu peke yake, na useme ni dalili gani iliyokufikisha hapo. Mfano wa maelezo ninayoyaona yanatosha:

"Sbula, Moroko. Mpini wa mbao wenye umbo la H, umevishwa bamba za shaba. Bapa limekatwa kutoka singe ya Gras ya Ufaransa. Mgongoni pamebaki sehemu ya maandishi na mwaka 1877. Ala ya ngozi na shaba, nakshi yake inalingana na ya mpini. Ulikaji wa kawaida kwenye mdomo wa ala. Kimeunganishwa baada ya 1877, huenda mwishoni mwa karne ya 19. Kadi ya zamani ya mnada inasema 'Zanzibar'."

Hiyo kadi usiitupe. Itie kwenye bahasha pamoja na picha zako, uandike juu yake tarehe uliyokipokea na nani alikupa. Atakayekishika baada yako ataona kosa lilipoanzia na litakuwa limesahihishwa kwa ushahidi gani. Kisu chenyewe kifunge kwa kitambaa cha pamba kisicho na rangi, bapa likiwa nje ya ala, mahali pakavu. Ngozi ya kale huvuta unyevu, na hewa ya Mombasa au Unguja italitia bapa kutu kabla ya msimu wa masika kwisha.